Sheria ya Watoto ipo, pesa ziko wapi? Swali la Mkongani kuelekea 2027

Msimu wa wanasiasa umeanza kurudi vijijini. Mazishi hayapiti bila hotuba, harusi hazipiti bila bahasha, na timu za vijana zinapata jezi mpya ambazo hazikuwepo miaka mitatu iliyopita. Hapa Mkongani tutaahidiwa barabara, tutaahidiwa maji, na tutaahidiwa kuwa ndovu wa Shimba Hills hawatakula tena mahindi na mihogo yetu. Yote hayo ni haki yetu kuyadai. Lakini kuna mwananchi mmoja ambaye hatajwi katika ahadi hizi, kwa sababu hana kitambulisho wala kura. Mwananchi huyo ni mtoto.

Ninaposema mtoto hatajwi, simaanishi karo na vyumba vya madarasa. Hayo yanatajwa sana, maana jengo hupigwa picha. Nazungumzia huduma ambazo hazina utepe wa kukatwa: afisa wa watoto anayefika kijijini, mahali salama pa kumlaza mtoto aliyetolewa nyumbani usiku, nauli ya kumpeleka shahidi mahakamani, na mtu wa kumfuatilia mtoto huyo mwezi wa sita baada ya kesi. Huduma hizi ndizo zinazofanya sheria iwe na miguu. Bila hizo, sheria hubaki karatasi.

Na sheria tunayo. Sheria ya Watoto ya 2022 ilianza kutumika tarehe 26 Julai 2022, ikachukua nafasi ya ile ya 2001. Si sheria mbaya hata kidogo. Iliinua umri ambao mtoto anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Iliondoa mwanya wa zamani uliomruhusu baba ambaye hakumwoa mama wa mtoto kujitoa katika malezi, ikifuata Kifungu cha 53 cha Katiba kinachosema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Inataka vitengo vya kulinda watoto katika vituo vya polisi. Inataka kamati za ushauri wa watoto mashinani. Imeunda hata hazina maalumu ya ustawi wa mtoto. Na kwa mara ya kwanza imelitambua neno ambalo sisi Waislamu wa Pwani tumelijua tangu zamani, kafaala, nalo nitalirudia.

Basi kama sheria ni nzuri, tatizo liko wapi? Wazee walishasema, mkono mtupu haulambwi.

Tuchukue mfano. Si wa mtu yeyote ninayemjua, ni mfano tu wa njia anayopita mtoto. Msichana wa miaka 13 katika kijiji kimoja cha wadi yetu amenajisiwa na jamaa wa familia. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inasema aliyemfanyia hivyo mtoto wa miaka 12 hadi 15 afungwe kifungo kisichopungua miaka 20. Sawa. Lakini kabla ya hakimu kufika kwenye miaka hiyo 20, mtoto lazima apite milango mingi.

Kwanza lazima afike hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifanyi kazi baada ya hapo. Saa hizo zinaanza kuhesabiwa akiwa bado ameficha siri, mara nyingi kwa hofu ya kupigwa. Akishasema, kuna pikipiki ya kulipwa hadi kituo cha polisi, na nyingine hadi hospitali. Fomu ya P3 lazima ijazwe na daktari. Nguo alizovaa zihifadhiwe, zisifuliwe, jambo ambalo mama mwenye haya na uchungu hulifanya kwanza. Kisha kuna ofisi ya watoto Kwale mjini. Kisha kuna mahakama, na mahakama haina siku moja: kesi hutajwa, huahirishwa, husikizwa, huahirishwa tena. Kila tarehe ni nauli ya mtoto, ya mama na ya shahidi, na siku ya kibarua iliyopotea.

Wakati huo wote mtoto analala wapi? Kama mshukiwa ni mjomba anayeishi ua mmoja naye, na amepewa dhamana, mtoto huyu atarudi ua ule ule. Hapo ndipo wazee huja na mkeka, wakasema jambo hili tulimalize nyumbani, tusiaibishane. Mbuzi hutolewa, au pesa, na shahidi husahau alichokiona. Wakili wa serikali hubaki na faili isiyo na mlalamishi.

Kisheria, kesi ya unajisi si mali ya familia. Uamuzi wa kuiondoa uko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si mikononi mwa baba wala mzee wa mtaa. Lakini tuseme ukweli: familia nyingi hazikubali maslaha kwa kuwa hazimpendi mtoto. Zinakubali kwa kuwa zimechoka na zimeishiwa. Anayetaka kuzuia kesi kumalizwa nyumbani bila kuweka nauli na nyumba salama anamlaumu maskini kwa umaskini wake.

Hapa ndipo swali la nani alipe linapoingia, na ndipo wanasiasa hurushiana mpira. Idara ya Huduma za Watoto iko chini ya serikali kuu. Polisi ni wa serikali kuu. Mahakama ni ya kitaifa. Ukimwuliza mwakilishi wadi, atakwambia hayo si mambo ya kaunti. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, limezipa kaunti kazi ya elimu ya chekechea na pia vituo vya kulelea watoto. Hospitali anayopelekwa yule msichana ni ya kaunti. Dawa za saa 72 ziko katika zahanati za kaunti. Mwalimu wa chekechea, ambaye mara nyingi ndiye mtu mzima wa kwanza nje ya nyumba kuona alama mwilini mwa mtoto, ameajiriwa na kaunti. Na Sheria ya Watoto yenyewe inazitwika serikali za kaunti wajibu wa huduma na sera za watoto katika maeneo yao.

Kwa hivyo mpira uko katikati ya uwanja, na kila timu inasubiri nyingine. Katiba, Kifungu cha 189, inazitaka serikali hizi mbili zishirikiane. Mtoto hajui serikali kuu wala kaunti. Anajua mlango uliofungwa na mlango uliofunguliwa.

Wapo watakaosema mabadiliko ya namna hii hayatoki kijijini, hutoka Nairobi na kwa wafadhili. Wanaosema hivyo wameisahau historia ya Kwale yenyewe. Naomba niikumbushe, maana ina funzo kwa mwaka 2027.

Kabla ya uchaguzi wa Desemba 2002, UKIMWI ulikuwa ukiacha mayatima katika kila kona ya nchi, na bibi wa miaka 70 alikuwa akianza malezi upya. Shirika la UNICEF na watetezi wa watoto waliwafuata wagombea ubunge na kuwaomba watie sahihi ahadi ya kuwasaidia mayatima wakichaguliwa. Wengi walitia. Ilikuwa rahisi, maana karatasi hailipishwi. Lakini Bunge jipya lilipoingia, karatasi zile zilikuwepo, na ahadi ni deni. Idara ya watoto wakati huo ilikuwa katika Wizara ya Mambo ya Ndani chini ya Moody Awori, aliyekuja kuwa makamu wa rais mwaka 2003, na akaliunga mkono wazo hilo.

Mwaka 2004 majaribio yakaanza ya kuzipa pesa taslimu kaya zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu. Kaya zilikuwa 500 tu, na wilaya zilizochaguliwa zilikuwa tatu: Garissa, Nairobi na Kwale. Naam, Kwale. Mpango ambao leo unafika kila kaunti chini ya jina la Inua Jamii ulipigwa chapa ya kwanza hapa kwetu. Watafiti walioufuatilia baadaye waligundua kuwa haukuongeza chakula na mahudhurio ya shule tu. Wasichana wa familia zilizopokea pesa walipata mimba za mapema kwa uchache kuliko wenzao, na vijana walichelewa kuanza ngono. Shilingi zile chache zilimfanyia msichana kazi ambayo mihadhara mingi haikuweza.

Lakini historia hiyo ina upande wa pili. Kiwango kilipanda hadi 1,500, kisha 2,000 kwa mwezi, na hapo kikagota kwa zaidi ya miaka kumi huku bei ya unga, mafuta na nauli ikipanda kila mwaka. Kwa nini? Kwa sababu tulipopata tulinyamaza. Ahadi ya 2002 ilikuwa na watu nyuma yake. Kiwango cha 2,000 hakina anayekisimamia. Huduma ya mtoto haianguki siku moja. Hunyauka polepole wakati hakuna anayeuliza.

Mfano wa pili uko Msambweni. Ndugu zetu Wamakonde waliishi Kenya kwa miongo mingi bila vitambulisho, na watoto wao wakasota kupata vyeti vya kuzaliwa, karo za misaada na mitihani. Waliandika, waliomba, wakapeleka malalamishi. Oktoba 2016 mamia yao walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona rais. Amri ikatoka, vitambulisho vikatolewa, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Hawakuwa na mwanasheria ghali wala mbunge wa kabila lao. Walikuwa na jambo moja walilolijua vizuri na hawakuliacha.

Na tuna mfano wa kutisha upande wa pili wa Pwani. Shakahola, mwaka 2023, ilituonyesha kinachotokea wakati hakuna jicho la kijiji juu ya watoto. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, na Februari 2024 washtakiwa walisomewa mashtaka ya mauaji ya watoto 191, wakayakana. Mahakama ndiyo itakayosema nani ana hatia. Lakini kabla ya mahakama kuna swali letu sote: watoto wangapi walitolewa shule kabla ya kufika msitu ule, na nani alikuwa na kazi ya kuuliza wameenda wapi? Kijiji chenye kamati ya watoto inayokutana, yenye daftari na simu ya kupiga, huuliza mapema.

Sasa nizijibu hoja mbili ninazozisikia barazani.

Ya kwanza ni kwamba haki za watoto zimeletwa na Wazungu kuja kuharibu malezi. Ndugu yangu, Uislamu haukungoja Geneva. Surat al-Maun, ambayo watoto wetu huihifadhi madrasa kabla hawajajua kuandika vizuri, inamhesabu anayemsukuma yatima kuwa miongoni mwa wanaoikadhibisha dini. Surat an-Nisaa inaanza kwa habari ya mali ya mayatima kabla ya kufika mambo mengine mengi. Kumlinda mtoto si ugeni kwetu. Kigeni ni kule kunyamaza kwetu kwa kisingizio cha sitara, kana kwamba sitara ni ya mkosaji na si ya mtoto.

Na hapa ndipo kafaala inapoingia. Sheria ya 2022 inaitambua kuwa njia ya Mwislamu mwenye uwezo kumchukua mtoto aliyekosa malezi ya familia na kumlea kama wake kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu. Mtoto habadilishwi nasaba, lakini hakosi mlezi. Jambo hili lina uzito mkubwa sasa, kwa sababu mpango wa taifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia. Makao yakipungua, familia za kuwapokea ziko wapi? Kwale ina misikiti, ina maimamu, ina familia zenye nafasi na moyo. Kinachokosekana ni utaratibu: nani anaziorodhesha familia hizo, nani anazichunguza ili asipewe mtoto mtu mbaya, nani anatembelea baada ya miezi mitatu. Kafaala isiyochunguzwa inaweza kuwa jina zuri la utumishi wa nyumbani. Wapo watoto wa bara ya Kwale waliopelekwa mjini kwa jamaa ili wasome, na shule hawakuiona. Wanazuoni wetu na maofisa wa watoto wanapaswa kukaa meza moja juu ya hili.

Hoja ya pili ni kwamba kaunti haina pesa. Ni kweli pesa hazitoshi, hazijawahi kutosha. Lakini bajeti ni kuchagua. Ng'ambo ya bahari, Zanzibar si kisiwa cha matajiri. Ilitunga Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 baada ya kuwasikiliza hata watoto wenyewe, na mwaka huo huo kituo cha Mkono kwa Mkono kikafunguliwa hospitali ya Mnazi Mmoja, ambapo mtoto aliyedhulumiwa anakutana na daktari, mshauri na polisi chini ya paa moja. Mwaka 2015 sheria ile ilipata tuzo ya dhahabu ya kimataifa ya sera bora za watoto. Zanzibar ina matatizo yake, na kesi huko pia hukwama. Lakini wazo la paa moja si ghali. Ni vyumba viwili au vitatu katika hospitali ambayo tayari ipo, na watu waliokubaliana kukutana hapo ili mtoto asisimulie mkasa wake mara tano kwa watu watano.

Basi tufanye nini? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nashauri tudai mambo matatu, yenye kupimika.

La kwanza, sheria ya kaunti itakayoweka kifungu chake cha bajeti kwa ulinzi wa watoto, kifungu kinachosomeka kwa jina lake na si kilichofichwa ndani ya idara nyingine. Pesa hizo zilipie nyumba salama ya muda, nauli za mashahidi watoto, na posho ndogo ya wajitolea wa kulinda watoto vijijini, ambao wanafanya kazi ya serikali kwa simu zao na viatu vyao.

La pili, paa moja katika hospitali ya Kwale na ile ya Msambweni, na dawa za saa 72 zisikosekane katika vituo vya afya vya bara kama Mkongani. Dawa iliyoko umbali wa pikipiki mbili usiku wa mvua haiko.

La tatu, ripoti ya kila mwaka mbele ya bunge la kaunti, wadi kwa wadi: kesi ngapi zimeripotiwa, ngapi zimefika mahakamani, ngapi zimeondolewa na kwa sababu gani. Bila majina ya watoto, bila shaka. Kiongozi hubadilika anapojua kwamba hesabu itasomwa.

Njia ya kuyadai ipo, nayo imeandikwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, Kifungu cha 15, inampa mtu yeyote haki ya kupeleka malalamishi bunge la kaunti, pamoja na kuliomba litunge au libadilishe sheria. Huhitaji wakili. Unahitaji barua inayoeleza jambo, unachotaka kifanyike, na sahihi za watu. Mwakilishi wadi yeyote anaweza kuwasilisha mswada. Ukigusa pesa utapitia kamati husika na maoni ya waziri wa fedha wa kaunti, kwa hivyo ni vizuri kuanza mapema kuzungumza na kamati hiyo.

Na kuna kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Mkakati wa fedha hufikishwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Wengi wetu huenda vikao vya umma mwezi wa Mei, chupa ya maji mkononi, wakati mgao wa kila idara umeshapangwa tangu Februari. Anayetaka jambo la mtoto liingie awe ameshalitaja kwenye mpango wa Septemba. Jambo lisilokuwa kwenye mpango halina pa kuwekewa pesa.

Kisha kuna 2027. Kwale ina wadi 20 na maeneo bunge manne. Kila mgombea atakayesimama mbele yetu apewe karatasi moja yenye mambo hayo matatu, aisome kwa sauti na atie sahihi, kama walivyofanya wale wa 2002. Nakala ibaki msikitini, kanisani, kwa chifu na kwa mwalimu mkuu. Hatutaki hotuba juu ya watoto, tunataka sahihi. Asiyetia sahihi atakuwa ametujibu pia.

Hadi hapo, msingojee sheria. Nambari 116 ya kuripoti dhuluma za watoto ni ya bure na hupokewa mchana na usiku. Mwalimu wa madrasa, mwalimu wa chekechea, dereva wa bodaboda anayewabeba watoto kila asubuhi, nyinyi ndio macho ya kwanza. Mkiona, semeni. Sisi tuliobaki kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mkisema, upande wa pili kuna mtu wa kupokea, ana gari lenye mafuta, na ana mahali pa kumpeleka mtoto.